Nyumba ya Shangazi Haiingiliki

Jumatatu, tarehe 3

Nimepata cheo. Kuanzia leo mimi ni mkuu wa ulinzi wa nyumba ya Shangazi. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini Shangazi hakukataa, na asiyekataa amekubali.

Sababu ni hii. Ijumaa iliyopita, mchana kweupe, Shangazi akiwa kwenye cherehani yake dukani na mimi nikiwa katika shughuli zangu (nilikuwa nimelala chumbani kwangu uani), mtu alivunja mlango wa mbele. Kitasa kiling'olewa kama jino bovu. Shangazi aliporudi tukapekua kila chumba. Hakikupotea kitu. Redio ipo. Vitambaa vya wateja vipo. Hata vijiko tulivihesabu, vyote vipo.

Mimi nikasema mwizi huyu mjinga, tumshukuru Mungu. Shangazi hakucheka. Alisema tangu siku ile anahisi nyumba inamtazama akivua viatu. Mtu akiingia tena kabla ya Jumapili, yeye anahamia kwa binti yake, nyumba anaipangisha, na mimi narudi kwa baba.

Kwa baba kuna kufyatua matofali kuanzia alfajiri. Hapa nina chumba changu peke yangu, na hakuna anayejua naamka saa ngapi. Sing'oki hapa hata kwa winchi.

Kwa hiyo leo nimepachika makomeo manne mlango wa mbele. Mawili juu, mawili chini, yote kwa nje, kila moja na kufuli lake. Kazi safi. Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti wa ng'ambo ya barabara, alikuja kutazama, miwani ya kazi imekaa utosini. Akauliza mtu mwenye akili zake anawekaje makomeo nje. Nikamfundisha: wezi wa siku hizi wanakuja mchana watu wakiwa kazini, kwa hiyo anayefunga ni anayeondoka. Halafu komeo lisiloonekana halimtishi mtu. Akasema dogo, mlango wa namna hiyo huwa anawekewa ng'ombe, asitoke.

Wivu wa mafundi ni kitu kibaya.

Jumanne, tarehe 4

Asubuhi nilifunga makufuli yote. Funguo nimezivaa shingoni. Nikaketi kibarazani siku nzima, mgongo wangu umeegemea mlango. Hakupita hata paka.

Saa kumi jioni Shangazi akarudi, tukafungua. Mlango ukagonga kitu. Kilikuwa kiti cha mezani. Kimeburutwa kutoka jikoni mpaka sebuleni, kikawekwa mbele ya mlango, kinautazama.

Nikapiga hesabu (darasa la saba nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe). Aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa nyuma yangu, ubao mmoja tu katikati. Siku nzima.

Nilimwambia Shangazi kiti nilikisahau pale mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya kiti, akakiondoa haraka. Akauliza kama na joto lake nimelisahau mimi. Nikagusa. Kweli, kilikuwa na vuguvugu, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Nikasema ni jua. Akanikumbusha sebule yake haiingii jua tangu jirani ajenge ghorofa.

Hitimisho la mkuu wa ulinzi: mlango hauna kosa. Mtu anapita dirishani.

Jumatano, tarehe 5

Siku ya madirisha. Ilibidi nimeze mate machungu nikamwite Fundi Cheche. Alikuja na nondo zake. Mimi nilishika, yeye akachomelea. Yaani kazi ngumu niliifanya mimi. Kisha nikapanga vipande vya chupa juu ya ukuta kwa saruji, vimesimama kama meno ya papa. Nimejikata vidole vitatu. Ulinzi una gharama zake.

Dirisha la stoo Fundi alitaka kuliacha. Nikamuuliza kulikoni, akavuta maneno. Mwisho akasema kila cheche inaporuka, anaona kiganja kimeegemezwa kwenye kioo upande wa ndani. Cheche ikizima, hakipo. Nikamwambia miwani yake ina mafuta ya chipsi. Alimaliza dirisha lile ameangalia pembeni. Nondo ya mwisho imekaa kombo, na nilimwambia.

Jioni Shangazi alikuta alama ya mkono kwenye kioo cha stoo. Akaifuta kwa nje. Haikutoka. Akaingia ndani, akaifuta kwa ndani. Ikatoka.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa: vioo vya siku hizi havina ubora.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeazima mbwa. Ni wa Mama Pacha wa nyumba ya tatu, anaitwa Bosi, na kashawahi kumng'ata hata aliyemlea. Mama Pacha alinisihi nisimtazame machoni. Nikamfunga kibarazani kwa kamba ya katani na kumpa maagizo.

Bosi aliipa barabara mgongo, akaketi ameutazama mlango. Muuza mifagio akapita, akafungua geti, akamruka mkia. Bosi kimya. Macho yake yako kwenye ule uwazi mwembamba chini ya mlango, manyoya yamesimama shingoni. Nikamgeuza aangalie geti. Akajigeuza tena. Nikamwambia wewe mbwa ni mzembe kuliko mimi, na hilo si jambo dogo.

Saa nane hivi akaanza kutikisa mkia.

Halafu mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake. Kutoka ndani.

Mimi nimelelewa vizuri. Mtu akibisha, mdomo unajibu wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa. Nikasema karibu.

Bosi alikata kamba, na Mama Pacha anasema yuko chini ya kitanda, hataki hata nyama. Eti nimemharibia mbwa. Nimemjibu mbwa alikuja akiwa mbovu.

Shangazi sijamwambia. Zimebaki siku tatu tu, na mwenye ulinzi hatangazi kila kelele ya ubao. Mbao zinatanuka. Hilo nalijua tangu darasa la tano.

Ijumaa, tarehe 7

Akili mpya: unga. Nikanyunyiza sakafu yote kuanzia kizingiti mpaka jikoni, mweupe laini, halafu nikafunga makufuli manne. Mwizi akitia mguu tu, nimempata. Shangazi alisema akirudi akakuta nimemwaga unga wake bure, nitaula huo huo sakafuni. Nikamwambia avute subira.

Jioni tulifungua watatu, maana Fundi Cheche alikuja bila kuitwa. Nyayo zilikuwepo. Nikaruka kwa furaha. Nilikuwa peke yangu katika kuruka.

Nyayo za mtu pekupeku, ndefu, nyembamba. Zinatoka stoo, zinakuja mpaka mlangoni, zinarudi. Zinakwenda dirisha hili, zinarudi. Dirisha lile, zinarudi. Mlangoni tena. Pale mlangoni unga ulikuwa umekanyagwa mpaka sakafu inang'aa.

Fundi alipiga magoti, akatazama kizingiti kwa muda mrefu. Akasema hakuna hata unyayo mmoja unaoingia. Huyu haingii, alisema. Huyu anatafuta pa kutokea.

Shangazi akauliza, sauti imeshuka, huyo mtu aliingia lini sasa. Fundi akasema shangazi yangu, nimeliwaza hili wiki nzima. Mwizi gani anavunja mlango halafu hachukui hata kijiko? Yule wa Ijumaa hakuja kuchukua kitu. Alikuja kuacha.

Mimi nikaanza kuwaza hoja.

Shangazi akaamua: kesho mlango utakaa wazi kuanzia asubuhi, atoke aende zake. Asipotoka, yeye Jumapili anahama. Nikapinga. Nikasema tangu dunia iumbwe hakuna ulinzi wa kuacha mlango wazi, watu watatucheka. Akasema mtoto wa kaka yangu, wiki nzima umenifungia kitu ndani ya nyumba yangu, na mlango ukaukalia. Kesho utafunga kimoja tu. Mdomo.

Jumamosi, tarehe 8

Aibu tupu. Mlango wazi, makomeo yangu yananing'inia kama masikio ya mbwa. Sisi tumekaa karakanani kwa Fundi, ng'ambo ya barabara, tunaitazama nyumba kama watu wanaosubiri ugali uive. Kila nilipofungua mdomo Shangazi alininyooshea kidole.

Karibu na adhuhuri pazia la mlangoni lilisogea. Upepo haukuwepo. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia. Pazia lilisogea pembeni likabaki hivyo hivyo, muda mrefu, kama limeshikwa na mtu anayezoesha macho yake jua. Kisha likaachiwa.

Hatukuona mtu. Fundi alishusha miwani yake usoni, na hakuwa na kitu cha kuchomelea.

Tulipokwenda, tukakuta nyayo za unga zimetoka. Mstari mmoja, hazirudi. Shangazi aliingia ndani, akapumua, akasema nyumba imekuwa nyepesi. Alicheka kidogo. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu wiki iliyopita. Akasema hahami.

Tukafuata nyayo tuone zimeelekea wapi. Zimeshuka ngazi, zimepita chini ya kamba ya nguo, hazikwenda getini. Zimekata kona kwenda uani. Zimeishia kwenye mlango wa chumba changu, ambao sijawahi kuutia hata komeo, maana mganga hajigangi. Zimeingia. Za kutoka hakuna.

Shangazi akanishika mkono, na si kawaida yake. Akasema leo nilale sebuleni, chumba kile tukiachie wazi mpaka kitoke chenyewe, hata kama ni mwezi. Fundi akaunga mkono haraka mno.

Haraka mno! Nikamgundua hapo hapo. Siku zote anatafuta chumba cha kuhifadhia nondo zake.

Jumapili, tarehe 9

Ushindi. Shangazi habanduki, na mimi kwa baba sirudi.

Nimehamisha makomeo yote manne kwenye mlango wangu. Safari hii nimeyaweka kwa ndani, kama alivyoshauri Fundi. Nani kasema mimi sifundishiki? Nondo za dirisha langu kazichomelea yeye mchana huu, kwa nje, macho ameyafumba nusu. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Shangazi amesimama uani tangu saa tisa, ananiita kwa jina langu lote la ubatizo, anasema baba toka, nakuomba toka. Huruma inawaharibia wanawake wengi ulinzi.

Saa kumi na moja. Nimefunga. Nimevuta, hautikisiki. Funguo ziko shingoni.

Kwa kweli hiki ndicho chumba salama kuliko vyote mtaani. Kuna kimya kizuri. Nikiacha kuandika, nasikia mtu anapumua, karibu. Nimekwenda kuweka sikio mlangoni nihakikishe, na nimejiridhisha: pumzi hiyo haitoki nje.

Nje hakuna mtu ila Shangazi. Ulinzi umekamilika.