Malaika wa Frigoliti

Jumatatu, 4 Mei 2009

Mimi Clovis nimezaliwa na bahati, jamani! Kanisa letu hapa Alby, Sweden, limepiga kura nani achonge pambo la juu ya mlango wa ukumbi mpya, nikambwaga Urbain wa kwaya vibaya sana. Jumapili askofu anakuja kuzindua ukumbi. Ujuzi ninao: nafanya usafi makumbusho, upande wa Wagiriki wa kale. Watu wale walijaza sanamu juu ya mahekalu yao, tena za rangi! Leo mwongoza wageni alisema fundi wao mmoja, jina lake Fidia, alichonga sura yake mwenyewe kwenye ngao ya mungu wao wa kike. Mwanaume! Sikungoja mwisho, ndoo ilikuwa imejaa.

Jumatano, 6 Mei

Marumaru hakuna. Nachonga frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya. Malaika Mikaeli anamkanyaga Shetani. Mikaeli nimempa sura yangu. Shetani, sura ya Urbain, pua na yote! Nilicheka hadi mke wangu Adrienne akauliza nimekunywa nini.

Ijumaa, 8 Mei

Mungu wangu. Leo nimesikia mwisho wa hadithi ya mwongoza wageni. Kwa sura ile ya kwenye ngao, Fidia alishtakiwa kwa kudharau dini, na inasemekana alifia jela! Ufagio ulinidondoka. Jela ya Sweden siiogopi sana. Naogopa kutengwa. Mama yangu alipofariki, kanisa hili ndilo lililombeba, Urbain mbele kabisa, theluji magotini. Wakinitenga, nani atanibeba mimi?

Jumamosi, 9 Mei

Mpango: kufunika sura zote mbili kwa rangi ya dhahabu ya kupuliza. Pambo liko juu tayari. Ngazi inatetemeka. Nikaanza na Mikaeli. Pssss! Rangi ikala frigoliti kama mchwa. Pua ikatoboka, midomo ikatiririka. Nikaacha! Shetani yupo mzima, anatabasamu. Urbain akapita chini, akauliza mbona natoka jasho. Nikasema jua. Kulikuwa na mvua.

Jumapili, 10 Mei

Askofu alitazama juu muda mrefu. Akasema ni vizuri malaika hana uso, utukufu hauchongeki. Kisha Mama Domina, mzee wa kanisa, akapaza sauti: jamani, huyo Shetani si Clovis kabisa? Kanisa zima likacheka. Urbain akanikumbatia, akasema hajaona mtu mnyenyekevu hivi, kujiweka mwenyewe chini ya mguu wa malaika! Adrienne akaninong'oneza kuwa pua ile anaiona kila asubuhi kwenye mto wa kitanda, kando yake.

Krismasi nitachonga hori la Bethlehemu. Urbain atakuwa punda. Safari hii nitampiga picha kwanza.

Na ile kura? Haikuwepo. Hakuna mwingine aliyetaka kupanda ngazi.