Hema Langu Nje ya Mbuga ya Shimba

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimeshaamua. Jumamosi tunakwenda Kwale kupiga kambi, nje kidogo ya mbuga ya Shimba. Mimi, mke wangu Alawiya, na Duha wetu. Duha ana miaka kumi na mitatu na hajapata kuona palahala, yule swala mkubwa mweusi wa pembe za kupinda, ila kwenye kitabu cha shule. Jana alasiri alimuomba mjomba wake Ayman ampeleke. Mbele yangu! Baba mtu nimeketi pale pale na kikombe cha kahawa mkononi. Ayman ana pikapu, na hema alilonunua Nairobi, lenye zipu. Kabla hajafungua kinywa nikasema safari imeshapangwa zamani. Alawiya akauliza tangu lini. Nikasema tangu Ramadhani. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki wa jana.

Jumanne, 6 Agosti
Ayman kajitolea kuniazima hema lake. Nimekataa kwa adabu. Ukilala ndani ya hema la shemeji yako, utaambiwa hata usingizi uliuazima. Nimempelekea fundi wa Makadara turubai kuukuu la lori, lililokuwa limetupwa ofisini kwetu. Fundi akauliza nafunika lori gani. Nikamwambia nataka hema. Akauliza tena.

Jumatano, 7 Agosti
Hema tayari. Zito! Wachukuzi wawili hawakuliweza kwenye ngazi, ikabidi nami nitie bega. Nimelijaribu juu ya paa letu, ambalo ni la zege. Vigingi havikupenya, basi kamba moja nikaifunga kwenye bomba la tangi la maji. Fikra njema. Upepo wa kusi ukavuma, hema likajaa, bomba likang'oka. Maji yote yakamshukia jirani yetu Bi Swabaha, aliyeanika magodoro uani. Alipanda ngazi mwenyewe, na miaka yake sabini. Akanisalimu, akaniuliza hali ya mama, hali ya watoto, hali ya kazi. Ndipo akanitukana.
Hata hivyo hema ni imara. Bomba ndilo dhaifu.

Ijumaa, 9 Agosti
Tulipotoka msikitini Ayman akauliza tutakaa wapi huko. Kwa rafiki yangu Kadenge, nikamjibu, mkulima anayepakana na mbuga. (Kadenge nilikutana naye mara moja, kivukoni Likoni. Alikuwa na machungwa.) Ayman kasema atatupeleka kwa pikapu, naye atapiga hema lake huko huko. Nimekubali kwa ajili ya mgongo wangu tu. Duha alifurahi. Sikupenda alivyofurahi.

Jumapili, 11 Agosti
Asubuhi. Naandika barazani kwa Kadenge.
Tulifika jana adhuhuri. Kadenge alitupokea vizuri sana, ingawa hakunikumbuka. Akatuonyesha mahali nyuma ya nyumba yake, pamefagiliwa, pana kivuli. Ayman akatua hapo. Mimi nikachagua pangu, bondeni: pamenyooka, nyasi zimelala zenyewe.
Kadenge akaniambia, "Bwana Taha, hapo si pazuri. Hapo ni njia."
Nikamuuliza ya nani, mbona sioni nyumba wala gari.
"Ya ndovu. Hushuka kunywa maji jua likipoa."
Nikatabasamu. Nilijua Ayman ndiye aliyemfunza maneno hayo, ili nikalale nyuma ya jiko la watu.
Kufika saa kumi na moja hema limesimama. Alawiya anapakua pilau. Duha akasema letu ni kubwa kuliko la mjomba. Mwanangu! Nikaona dunia imekaa sawa.
Kisha akasema polepole, "Baba, usigeuke."
Nikageuka.
Ndovu sita, na mtoto mmoja. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wanapita tu, na sisi tulikuwa tumekaa njiani. Alawiya akamkamata Duha mkono wakapanda mbio kwa Kadenge. Mimi nikabaki. Si ushujaa, miguu ilikataa. Duha akajinasua, akarudi, akanishika mkono akanivuta kilimani kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Sikuuachia mkono wake hata tulipofika.
Tukatazama kutoka barazani. Wa kwanza alivunja nguzo. Wa pili aliondoka na turubai mguuni, hatua kumi hivi. Mtoto akatia mkonga ndani ya sufuria ya pilau, akapiga chafya. Duha alicheka mpaka akakaa chini.
Tumelala sote ndani ya hema la Ayman. Zipu inafanya kazi.

Jumatatu, 12 Agosti
Tumerudi. Palahala hatukumuona. Duha anamsimulia kila mtu mtaani: baba alisimama mbele ya ndovu sita, hakusogea hata unyayo. Sikumsahihisha. Alawiya kasema tangu leo tuwe tunawasikiliza wenyeji. Nimemwambia kweli kabisa, na Ayman hasa alihitaji somo hilo.
Ofisini mkubwa wetu kauliza nani atapanga matembezi ya wafanyakazi wote, mwezi ujao, kisiwani Wasini. Karani mwenzangu Karisa, aliyekulia Shimoni, pwani inayokitazama kisiwa hicho, akaanza kutueleza habari za mikondo na maji kupwa. Nikamuomba aketi, asitutishie watu.
Mwenyekiti ni mimi.