Dakika Kumi na Tano Nyuma ya Choo

Jumatatu, 8 Septemba

Wasomaji wa barua yangu: kumi na mmoja. Watatu kati yao ni Rémy, shemeji yangu wa Kasaji. Ana namba tatu za simu na amejiandikisha kwa kila moja ili kunitia moyo. Kwa hiyo tisa.

Barua inaitwa Jembe na Kalamu. Inatoka kila Jumamosi kwa WhatsApp na kuwafundisha watu wa Kolwezi kulima vitunguu uani. Nimefika toleo la kumi na nne. Domitille, mke wangu, hajasoma hata moja. Anasema anaishi na mwandishi, inatosha.

Leo amenipa sharti. Choo chetu kimejaa. Shimo jipya nimeliahidi miaka miwili sasa, kwenye kona ya nyuma, karibu na ukuta wa jirani yetu Ngoy. Amechoka kusubiri. Nikipata wasomaji mia moja kufikia Jumapili tarehe 21, yeye mwenyewe atatafuta mtu wa kuchimba. Akipungua hata mmoja, simu yangu inaingia katika sanduku lake la vitenge, na mi nachukua beleshi. Na Rémy anahesabiwa mara moja.

Udongo wa Septemba, kabla ya mvua, ni kama saruji. Mgongo wangu una miaka hamsini na tatu.

Nimekubali papo hapo. Watu tisini na mmoja kwa siku kumi na tatu. Ni hesabu tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimesoma kwenye mtandao kwamba kosa la waandishi ni kupoteza siku nzima kwenye Facebook. Mwenye akili anatumia dakika kumi na tano, saa ileile, mahali palepale, kisha anafunga simu na kuendelea na maisha yake. Nikaona huyu ni mimi. Nikachora ratiba ya dakika hizo: tano za Facebook, tano za TikTok, tano za statu ya WhatsApp. Kwa rangi tatu. Imenichukua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Bahati nzuri niko likizo.

Tatizo ni rezo, mtandao wa simu. Nimezunguka ua mzima nikiinua simu juu kama padri anayebariki nyumba. Sebuleni kijiti kimoja. Jikoni hakuna kitu. Nyuma ya choo, hatua mbili kutoka ukuta wa Ngoy, vijiti vinne. Yaani palepale Domitille anapotaka shimo lake.

Nimepapima kwa kamba na kuweka mawe manne, moja kila kona, ili kesho nisipoteze hata nusu dakika kupatafuta. Ngoy alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Akauliza ninapima nini. Nikamwambia sipimi kitu. Simwambii neno huyu. Mwaka jana nilimsimulia wazo langu la kuuza miche ya nyanya, na wiki ileile akaanza kuiuza yeye.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya pili ya ratiba. Saa kumi na mbili na robo asubuhi nasimama katikati ya mawe yangu. Naongea na simu kwa sauti ya chini ili Ngoy asisikie. Saa ya Domitille inalia, naondoka. Nidhamu ya kijeshi.

Leo nimeonyesha mbolea yangu kiganjani: nyeusi, nzito, ya mabonge. Mtandao unashauri usimalize maneno yote kwenye video, waache watu na njaa. Nikasema tu kwamba hii nimeitoa mwenyewe hapa uani kwangu, mengine yamo ndani ya barua. Nikafunga.

Baadaye nikaufunika mfuko wa mbolea kwa gunia, maana inanuka, nikaubeba kuupeleka nyuma ya nyumba. Ngoy ukutani tena. Amenisalimia kwa heshima ambayo sijaizoea. Tata Symphorien huku, Tata Symphorien kule. Akauliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba. Nikakataa. Wivu una sura nyingi.

Wasomaji wapya: wawili. Rémy ametuma sauti ya dakika kumi na moja ya kunipongeza. Sikuisikiliza. Ingekula karibu ratiba yote.

Jumamosi, 13 Septemba

Arobaini na saba!

Nimehesabu mara tatu. Ngoy amejiandikisha. Mke wake pia. Na mtu anayejiita Papa Kobalti. Na vijana wengi ambao kwenye picha zao wamevaa taa kichwani. Wakulima wa kisasa, nadhani. Wanamwagilia kabla ya jua.

Toleo la kumi na tano limetoka leo. Nimeshauri udongo ufukuliwe sentimita thelathini ili mizizi ipumue. Katika dakika kumi nimepata maswali ishirini. Thelathini kutoka wapi? Upande gani wa choo? Nimeshaona alama za kijani? Nikajibu kwamba kijani huonekana baada ya siku kumi, mtu akimwagilia vizuri. Kisha mmoja akaandika, "Tata, tumekusikia muzuri."

Domitille ameiangalia namba, akarudi jikoni. Mtu akianza kushindwa hutafuta kazi ya kufanya.

Jumatatu, 15 Septemba

Tisini na sita. Bado wanne.

Baada ya chakula Domitille amenikalisha chini. "Symphorien, bantu banasema uko na mawe."

Nikauliza mawe gani.

"Mawe ya kuuzisha. Unasimama fasi moya kila asubui. Unasemasema polepole na simu. Uliweka alama. Na Ngoy anasema ile kintu ya muzito ulifunika na gunia, ile haikuwa mbolea."

Akanikumbusha mtaa wa Kasulo, kule watu walikoona kijani udongoni, alama ya madini, wakachimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe. Katika mji huu, akasema, mtu akisimama mahali pamoja siku tatu, siku ya nne jirani analeta beleshi.

Nikacheka kidogo, kwa upole. Nikamweleza kwamba hapo ndipo anapoonekana aliyesoma mambo ya matangazo na asiyesoma. Mtu haachi namba yake ya simu kwa ajili ya mawe. Anaiacha kwa sababu amevutwa na mtindo.

"Mutindo," akasema, huku akichambua matembele. "Sawa, bwana yangu. Ule mutindo utakuja na beleshi."

Jumatano, 17 Septemba

Mia moja themanini. Lakini kuna kelele.

Ngoy amefunga hema la plastiki upande wake wa ukuta na kuweka vijana wawili chini yake. Anasema anajenga tangi la maji. Tu, tu, tu, asubuhi hadi jioni. Video tatu zimeharibika. Nimemwomba kistaarabu wasichimbe kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu. Amekubali bila ubishi, akawaita vijana watoke. Walikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

Mmoja wao, Gradi, akaniuliza kama ni kweli vitunguu vinapenda majivu. Mama yake analima Lubudi. Ratiba yangu ilikuwa imebaki dakika tisa. Nikamwambia asome barua. Akasema amesoma zote kumi na tano, alimwomba Rémy zile za zamani. Nikamwambia azisome tena. Ukianza kumjibu kila mtu, siku inakwenda.

Ijumaa, 19 Septemba

Mia mbili thelathini na moja.

Jiwe moja kati ya manne limezama kidogo. Nimeliinua. Kuku hawapiti tena pale, sijui kwa nini. Vijiti vya rezo viko palepale, na hilo ndilo la maana.

Domitille naye amekwenda kwenye kona mara mbili. Anagonga chini kwa kisigino kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akamwuliza Ngoy kupitia ukuta wamefika mita ngapi. Mbili na nusu, mama. Akamwomba wachimbe wima, wasiende mshazari. Sikujua kwamba mke wangu anapenda matangi.

Jumapili, 21 Septemba

Siku ya hukumu. Wasomaji mia mbili sitini na watatu. Nikaamua kuwashukuru moja kwa moja kwenye Facebook kabla ya misa.

Nikasimama katikati ya mawe. Nikasema kwamba utajiri wa kweli ni udongo huu, na kwa kusisitiza nikaupiga kwa mguu.

Ukakubali.

Nimeangukia mabegani mwa Ngoy. Ngoy alikuwa ameheshimu neno lake, hakuwa anachimba. Alikuwa ameketi kimya humo chini na taa yake kichwani, anangoja dakika zangu ziishe.

"Tata Symphorien," akasema, "bado dakika ine."

Sikuumia. Kilichoniuma ni kwamba humo shimoni hakuna rezo hata kijiti. Matangazo yalikatika. Wasomaji mia mbili walikuwa wameniona nikizama ardhini katikati ya sentensi, wakadhani nimefikia mawe. Nusu saa baadaye njia yetu ilijaa mabeleshi, na mama wa maandazi alikuwa ameshakuja kupanga beseni lake langoni. Kila mtu akaupima ule udongo. Mfinyanzi. Mfinyanzi tena. Mkono wa sufuria. Papa Kobalti aliuonja, akatema, akaenda zake bila kuaga.

Ngoy akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, mawe yako wapi. Nikamwambia mawe ni manne, haya hapa, na mawili yameniangukia kichwani.

Domitille akafika amevaa kitenge cha misa. Akachungulia. Hakuniangalia mimi, aliangalia kuta za shimo.

"Ngoy, ongeza mita moya. Na ile pande ingine musawazishe."

Ngoy akauliza ju ya nini.

"Ju uliingia mu parsele yangu bila kubisha hodi. Ao tuite shefu wa avenyu?"

Wakachimba. Walimaliza saa kumi. Ni shimo zuri, wima kabisa, na Ngoy amejenga upya hata kipande cha ukuta wake kilichoporomoka pamoja nami.

Jioni Domitille amekiri kwamba nimeshinda. Wasomaji wanapita mia, na yeye ametafuta mtu wa kuchimba kama alivyoahidi. Mwanamke wa neno moja.

Jumatatu, 22 Septemba

Wasomaji: kumi na wawili. Watatu ni Rémy. Mpya ni Gradi.

Mtandao unasema wasomaji wakiondoka, mara nyingi kosa ni picha ya mwandishi. Nimepiga mpya, nimevaa kofia.

Gradi ametuma picha ya vitunguu vya mama yake, vikubwa kama ngumi, na maswali tisa. Domitille akasema nimjibu, huyu ndiye msomaji. Nikamweleza kwamba msomaji mmoja hawezi kula dakika za umati. Amejibu yeye, kwa simu yangu. Dakika arobaini. Sitaki hata kuziandika kwenye ratiba.

Jumatatu, 29 Septemba

Choo kimekwisha. Bati jipya, mlango wenye komeo.

Na jambo kubwa zaidi: Domitille ameanza kuipenda barua. Kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kuona hivi. Saa kumi na mbili ananiamsha kwa chai. Ananipa gunia la mbolea lililofunikwa vizuri, ananiomba nilibebe polepole, kama kitu cha thamani. Amenichagulia hata mahali papya, kando ya jikoni, mbali na choo, pale anaposema kila mwaka kwamba tungekuwa na kisima. Mawe manne ameyapanga mwenyewe.

Rezo pale hakuna, hata kijiti kimoja. Nimekuwa naongea na simu isiyofika popote, kwa sauti ya chini, dakika kumi na tano kamili. Lakini mke akianza kukuunga mkono, humvunji moyo kwa ajili ya rezo.

Leo Ngoy amehamisha kiti chake upande huu wa ukuta. Ameketi na beleshi jipya magotini, bado lina karatasi ya dukani.

Wasomaji: kumi na tisa. Nilijua. Ni ile picha ya kofia.