Zulia Nililomwachia Dada

Jumatatu, 3 Machi
Kesho mimi na dada yangu mkubwa tunagawana mazulia mawili ya marehemu mama. Moja langu, moja lake. Kwenye ukoo kuna tetesi kwamba mojawapo ni la kale, limefumwa kwa mkono, si mchezo. Dada hajui lolote. Mimi nimesoma kitabu kizima! (Kurasa kumi na moja. Zilizobaki ni picha.)

Jumanne, 4 Machi
La sebuleni limenyooka kama rula, wekundu mmoja mwanzo mwisho. La ukumbini limechakaa, ncha moja pana kuliko nyingine, na katikati wekundu unabadilika ghafla kana kwamba mfumaji alisinzia. Kazi ya fundi haina kosa, bwana! Nikamsifia dada lile bovu hadi mate yakanikauka. Akasema, mdogo wangu, chagua wewe kwanza. Nikajitoa mhanga, nikabeba la sebuleni. Njia nzima nachekea tumboni.

Jumatano, 5 Machi
Nimelipeleka kwa fundi wa mazulia. Hakulitazama usoni. Alilipindua, akaniambia nipapase mgongo. Hakuna fundo hata moja! Gundi tupu, na matamvua yameshonewa baadaye. La kiwandani. Kwenye zulia la mkono, alisema, matamvua ni ncha za nyuzi zilezile zinazobeba zulia zima.

Nikamsimulia lile jingine, kwa dharau. Akaacha kazi yake. Akasema sufu iliyotiwa rangi ilimwishia mfumaji, akachemsha nyingine, haikulingana na ya kwanza, akaendelea hivyo hivyo. Na hiyo ncha pana ni mkono uliochoka, ukalegeza nyuzi. Nikaketi chini. Nimelikanyaga miaka arobaini bila kulitazama. Iliniuma kweli. Nilitaka kulia, nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Nimemwambia dada zulia lake limeingiwa na nondo, wale wadudu walao sufu, anipe nikalitibu. Akalipindua palepale, akapitisha vidole mgongoni, fundo kwa fundo, akasema nondo hamna. Kumbe anajua! Akanisimulia kwamba siku zake za mwisho mama alimketisha juu ya zulia hilo, akamshika kidole, akakiweka pale wekundu unapobadilika. Akamwambia: hapa aliishiwa, lakini hakuacha.

Dada alikuwepo. Mimi nilisema nina shughuli.

Hakunisema. Alinisogezea nafasi, tukaketi wote wawili juu yake, akasema mlango uko wazi, nije nikae nikitaka. Nimemkumbuka mama leo kuliko hata siku ya maziko.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi: nimeamka mtu mpya. Hila basi. Haki ya Mungu.

Alasiri: nimelitazama sana zulia langu. Na mimi si mtoto wa mama? Na mimi sistahili mahali pa kuweka kidole? Nimechukua mkasi, nikalipunguza ncha moja. Nusu yake nimeimwagia chai ya rangi, wekundu ubadilike. Mgongoni nimechora mafundo kwa kalamu ya wino, moja moja, mia tatu na kitu. Mkono umekufa ganzi. Sasa naelewa taabu ya mfumaji!

Ukisimama mlangoni, hutofautishi. Kesho nampelekea dada tubadilishane. Nitamwomba tu asilipindue.