Koo Langu na Safari ya Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi
Koo linawasha tena. Nimemeza vidonge viwili vya antibiotiki kutoka droo ya shangazi. Vilibaki alipong'olewa jino. Bado vizuri kabisa.

Habari kubwa! Profesa ametangaza nafasi ya kwenda kusomea uzamivu ng'ambo. Nafasi ni moja, sisi wawili: mimi na Kimya. (Tunamwita Kimya kwa sababu haongei, anafanya kazi tu. Tabia mbaya sana.) Ijumaa kila mmoja ataonyesha jeli yake mbele ya wageni kutoka chuo cha huko. Jeli ni ya kubandika juu ya kidonda, iachie dawa kidogo kidogo hadi bakteria wote wafe. Ya Kimya inaachia siku nyingi. Yangu humwaga yote kabla sijanawa mikono. Nilimweleza Profesa kuwa jeli yangu ni karimu. Akasema mwenye jeli ni mvivu.

Shangazi naye kanipasulia jipu: nikiikosa safari, nitafute kwa kulala. Chumba anakitaka kwa cherehani zake.

Jumanne, 4 Machi
Koo limepoa. Vidonge nimeacha. Ya nini kuvimaliza wakati nimepona?

Nimepata! Jeli mbovu si neno, mradi adui awe dhaifu. Kimya anatumia bakteria wa maabara, walioshiba na kunenepa. Mimi nitatumia walio hoi. Na nani yuko hoi kuliko bakteria wa koo langu? Tangu shule ya msingi nawapiga dawa: viwili leo, viwili mwezi ujao. Hawajapumzika hata siku moja, maskini. Wakiguswa tu na jeli, chali!

Nikajisugua koo kwa pamba mbele ya kioo cha choo. Nikatapika kidogo. Sayansi si lelemama.

Jumatano, 5 Machi
Jana niliwapaka kwenye sahani ya maabara nikawaweka kabati la joto waote; leo nimewafungulia. Wamejaa sahani nzima! Nikawaonea fahari, kisha nikajikumbusha kwamba hawa ni maadui.

Kimya akachungulia, akauliza nimewatoa wapi. Nikamjibu ni siri ya utafiti. Akanishauri, kwa upole, niwapime kwanza kama wana usugu wa dawa. Eti usugu! Bakteria waliopigwa miaka yote hiyo? Ukiona mpinzani anakushauri bure, ujue ameshaogopa. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Tumeotesha bakteria kwenye sahani mpya, kila mmoja wake, tukaweka jeli katikati. Profesa akafunga kabati kwa ufunguo, tusichezee. Alisema "tusichezee" akinitazama mimi peke yangu.

Nyumbani nilifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani. Shangazi alikuwa akipima dirisha, kwa ajili ya mapazia ya cherehani. Nikamwambia asubiri kwanza. Akasema anasubiri huku akipima.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa!

Sahani ya Kimya: kuzunguka jeli peupe, bakteria hata wa dawa hakuna. Wageni wakapiga makofi. Sahani yangu: bakteria wameenea kila mahali, wamepanda hadi juu ya jeli, wamejikalia. Mgeni mmoja aliuliza jeli iko wapi. Nikasema iko chini yao.

Profesa akauliza bakteria hawa ni wa nani. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasema ni wangu, wa koo. Wageni wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Profesa akavaa barakoa, akanisogezea moja kwa ncha ya kalamu. Kimya hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimelia. Chooni, ila nimelia kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Profesa kanipigia simu akihema. Wamewajaribu bakteria wangu kwa kila dawa iliyopo, ni moja tu iliyowaweza. Wageni wamefurahi mno, hawajawahi kuona wakaidi namna hii. Wanataka wapelekwe ng'ambo haraka wakachunguzwe. Nikauliza kwa unyonge nani atawapeleka. Kimya!

Yaani bakteria wangu, niliowalea mwenyewe kooni, wanapanda ndege na Kimya!

Mimi nimepelekwa hospitali. Daktari kanipa hiyo dawa moja iliyobaki. Akasema nimalize dozi, hata nikijisikia mzima, kisibaki hata kidonge. Akanifanya nirudie maneno yake kama mtoto wa chekechea. Akanionya pia nisikohoe ovyo karibu na watu. Shangazi kasikia kila kitu. Hakunifukuza. Kasema tu, "Pole, mwanangu," na cherehani ya kwanza ikaingia.

Jumatatu, 10 Machi
Koo shwari. Nilikuwa na kidonge mkononi, maji mdomoni, mara akili ikafunguka. Nikayatema maji.

Kimya anawabeba kwenye kichupa. Vichupa huvunjika! Kikivunjika, bakteria wale watapatikana wapi tena duniani? Kwangu tu! Profesa hatakuwa na ujanja, itabidi anisafirishe mimi mzima, na koo langu. Nikiwamaliza leo, nafasi yangu nimeiua kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi si mjinga. Dawa nimeifungia sandukuni.

Shangazi kaamka akikohoa. Anasema koo linamwasha vibaya sana tangu jana. Nilitaka kumhurumia, kisha nikatulia. Akiba haiozi.