Bata Bukini Kwenye Kitabu cha Bibi wa Estonia

Jumatano, 10 Septemba
Ratiba ya tamasha la vitabu imebandikwa mlangoni pa maktaba. Waandishi wa dunia nzima wamo. Mimi simo! Eberhard Stölzl, fundi wa dohani mstaafu, niliyechungulia kila bomba la moshi la mji huu, simo!

Nikamwendea Bi Friederike, mwenye tamasha. Nikamwambia ninayo hadithi ile ya bata bukini aliyekwama kwenye dohani ya mchungaji siku ya ubatizo, waumini wakadhani shetani anaimba. Akauliza kitabu changu kimechapwa wapi. Nikamjibu, kichwani. Akasema kwa upole, kama daktari wa meno, kwamba jukwaani wanapanda wenye vitabu, Bwana Stölzl.

Jioni baani. Meza yetu ya wazee zamani tulibanana. Sasa tumebaki mimi na Lothar, dereva wa basi mstaafu. Nikaanza ya bata. Lothar akaimalizia yeye, macho kwenye bia yake. Hadithi ikimalizwa na msikilizaji, basi imeshakufa hiyo, kilichobaki ni kuzika. Nataka masikio mapya! Mara moja tu kabla sijafa.

Alhamisi, 11 Septemba
Mbinu mpya. Kwenye mjadala walikaribisha maswali. Nikanyoosha mkono. Nikasema swali langu linaanzia mwaka wa theluji kubwa... Lothar, ambaye amejitolea kuzungusha maikrofoni, akaninyang'anya kabla bata hajalifikia hata paa! Akaninong'oneza kwamba maswali ya wenzangu yana miguu, langu lina mabawa. Msaliti!

Ijumaa, 12 Septemba
Kwetu ukigusa kifungo cha fundi wa dohani unapata bahati. Leo bahati imemkumbuka fundi mwenyewe.

Mwandishi mgeni husoma kidogo kwa lugha yake, halafu mwigizaji anasoma tafsiri ya Kijerumani, mgeni amekaa pembeni na glasi ya maji, anaitikia kwa kichwa kama anaelewa. Mwigizaji wa leo treni imemkwamisha porini! Bi Friederike anazunguka kama kuku aliyeona mwewe. Nikatokea na koti langu jeusi la kazi, vifungo vya dhahabu vinawaka. Nikamwambia sauti hii ilikuwa ikitoka paa la kanisa inafika sokoni. Akanitazama. Akatazama saa. Akagusa kifungo. Akaniapisha nisome kilichoandikwa, basi. Nikaapa.

Mgeni ni Bi Leelo Kasemaa, wa Estonia. Kitabu chake kinahusu baba mmoja kisiwani asiyesema. Ukurasa wa kwanza hasemi. Wa pili hasemi, anachonga kijiko. Mbele yangu mtu akapiga miayo. Wa tatu, baba anatazama moshi ukitoka kwenye dohani.

Dohani! Mimi sikuileta. Ameileta yeye!

Bata akaingia.

Ukumbi ulipasuka. Watu wanashika mbavu, mama mmoja kadondosha miwani. Masikio mapya, yote yangu! Bi Leelo alitabasamu mwanzoni. Baadaye akaacha.

Yakaja maswali. Bwana mmoja akamwuliza Bi Leelo kama yule bata ni mfano wa utawala wa kigeni. Mkalimani akamtafsiria. Bi Leelo akauliza, bata gani?

Jumamosi, 13 Septemba
Bi Leelo aliningoja maktabani, na mkalimani wake. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliniuliza niliishia wapi. Nikamwonyesha. Akafunua ukurasa mmoja mbele, akaweka kidole.

Yule baba wa kitabuni ni baba yake wa kumzaa. Hapo alipoweka kidole wametoka kumzika mama, baba anampa binti kijiko, anamwambia, "Kula, moto bado upo." Ndiyo sentensi yake moja kitabu kizima. Bi Leelo kasafiri ili hiyo isikike.

Akasema bata wangu mzuri sana, ila amekalia kiti cha baba yake.

  Nikang'oa kifungo cha koti nikampa. Akakipokea, akakifumbata.

Jumapili, 14 Septemba
Nimewaza tangu asubuhi. Mtu anabeba sentensi moja kutoka mbali huko, imfie mkononi. Mimi ninazo tele, nazimwaga kama masizi. Nikaapa: leo nasikiliza.

Baani nikagonga meza kusalimu kama desturi, nikakaa, nikafunga mdomo. Lothar akaniuliza kama jino linauma. Tukanywa. Halafu akaanza mwenyewe, polepole.

Mwaka ule mkewe, Gudrun, alipopotewa na kumbukumbu, Lothar alikuwa akimpandisha basi lake kila siku, anamkalisha nyuma yake. Mkewe anamwita dereva. Anamwuliza basi linakwenda wapi. Lothar anamjibu, nyumbani, mama. Mpaka siku moja akamgusa bega: Lothar, umepitiliza kituo chetu. Hakumwita jina tena baada ya hapo.

Tumekaa meza moja miaka yote hiyo, sijawahi kuisikia. Ningeisikia saa ngapi? Nilikuwa naongea mimi.

Machozi yalinitoka, sifichi. Hadithi kubwa kuliko yangu. Nimepita kwa Bi Friederike kumwambia mwaka ujao anitengee jukwaa, ninayo mpya, ya basi la Lothar. Pale katikati tu imepoa kidogo. Lakini basi lile lilikuwa na viti vitupu tele. Bata mmoja hatakalia cha mtu.