Kitanda cha Kando ya Bwawa

Jumatatu, 29 Julai

Shangazi ameteleza tena bafuni. Mara ya tatu mwaka huu. Hakuvunjika popote, ila mimi na sabuni tumetukanwa sana. Dada yangu Siew Khim akapiga simu kutoka Kuala Lumpur, akalia dakika kumi, kisha akaanza kuamuru. Mzee wa miaka themanini na sita hawezi kuachwa na mwanamume anayelala kama gogo. Nimtafutie makao ya wazee hapa Ipoh kabla ya Jumapili, la sivyo atakuja kumchukua mwenyewe akamweke kwake, ghorofa ya kumi na tisa. Kwa nini Jumapili? Kwa sababu siku hiyo unaanza mwezi wa saba wa kalenda yetu, mizimu inafunguliwa mlango, na mwezi mzima hakuna anayehama, anayeoa wala anayefungua duka. Nina siku sita!

Sipendi. Niliandike hilo mapema. Shangazi Foong Ying ndiye aliyenilea tangu mama afe, nikiwa na miaka minne. Mtaa mzima unajua. Nikimlazimisha watasema Chee Weng kamtupa mzee wake ili abaki na nyumba. Kwa hiyo lazima achague mwenyewe. Mbinu nimeshaipata: kwanza namwonyesha makao mabovu kuliko yote mjini, kesho yake namwonyesha mazuri kuliko yote. Atayakimbilia kwa miguu yake. Akili ni mali!

Mazuri ni Bustani ya Utulivu, chini ya vilima vya chokaa. Teoh, niliyesoma naye, kamweka mama yake huko, na kila asubuhi mkahawani anatusimulia marumaru ya sakafu. Nataka chumba kikubwa kuliko cha mama yake. Hilo si lengo kuu, lakini nalitaka.

Jumanne, 30 Julai

Makao ya Bibi Sum, nyuma ya soko. Mabovu kama nilivyoomba. Nyumba kuukuu, vitanda kumi, paka sita. Pilipili na samaki mkavu vinakaangwa mpaka machozi yanatoka. Redio inapiga opera ya Kikantoni kwa sauti ya kuita zimamoto. Mpishi na bibi mmoja wanagombania nani aliyechemsha chipukizi za maharage mpaka zikalegea. Nikasikitika kwa sauti: maskini wazee wa watu, twende zetu, Shangazi. Nikageuka. Shangazi keshakaa.

Mezani walikuwa watatu, na mahjong ni mchezo wa vigae wa watu wanne. Mwenzao alifariki mwezi wa tano, na tangu hapo wanangoja wa nne. Muda wa saa tatu nzima nimesimama mlangoni! Shangazi akamuuliza Mzee Leong, mtu wa watu aliyeonana naye dakika tano tu, "We baba, unacheza au unachambua mchele?" Mzee Leong akamjibu mchele wake una mawe, aangalie meno. Tena mzee akataka kujua kama meno yenyewe ni yake Shangazi au ya kununua. Wakacheka mpaka Bibi Sum akatoka jikoni kuangalia nani kapaliwa.

Garini Shangazi aliimba. Akauliza kama wale watu wana kitanda. Nikamkumbusha harufu. Akasema pua yake imefanya kazi miaka themanini na sita, haiogopi samaki mkavu. Kumbe Bibi Sum keshamnong'oneza: kitanda kipo, kando ya dirisha, na anaweza kumwekea.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Aliyeiharibu ni Shangazi.

Jumatano, 31 Julai

Bustani ya Utulivu. Loo, mahali! Bwawa, samaki wekundu wakubwa, viti vimepangwa safu moja vikitazama maji. Wazee wamekaa humo, wasafi, kimya. Muuguzi mkuu anaongea chini chini kama mtu aliye benki. Shangazi akauliza jiko liko wapi. Akaambiwa wakazi hawaingii jikoni. Akauliza watu wanacheza nini. Akaambiwa kila Alhamisi wanarushiana puto. Wakati wa kutoka alisema neno moja tu: samaki wamenona. Nimelihesabu kuwa sifa.

Mama yake Teoh alimshika mkono Shangazi na hakuuachia mpaka muuguzi alipomfungua vidole kimoja kimoja. Nikasema, unaona, keshapata rafiki. Teoh alikuwepo. Akanipiga bega, akaniambia, "Pole bwana, vyumba vya kando ya bwawa ni vya wenye kujuana na watu." Tutaona!

Alhamisi, 1 Agosti

Asubuhi Shangazi alitua kijiko akasema wazi: Weng, mimi nataka kwa Bibi Sum. Amefikiri, ameamua. Kule kuna kelele, na kelele maana yake kuna watu.

Hapo ndipo ningesema sawa. Nilikuwa nimetaka achague mwenyewe, na kachagua. Lakini akilini nikamwona Teoh mkahawani. Nikamwona Siew Khim akiingia mle ndani na kukanyaga paka. Mdomo ukanitangulia. Nikasema ole wetu, kile kitanda kimeshachukuliwa jana jioni, na mtu kutoka Batu Gajah. Nikaongeza kwamba mwezi wa saba unabisha hodi, hatuna muda wa kuzungukazunguka.

Shangazi akanitazama. Akasema basi, nitakavyoona mimi. Uji wake aliuacha nusu.

Nikatoka kununua mabalungi ya Tambun, makubwa ya kupasua kikapu, nikampelekea muuguzi mkuu. Mchana chumba cha kando ya bwawa kikapatikana! Nikampigia Teoh papo hapo, nikiwa sebuleni, nikamweleza kwa kituo upana wa dirisha. Akakata simu bila kuaga, nami nikacheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 2 Agosti

Bibi Sum kapiga simu. Bahati nilipokea mimi. Akauliza yule mama mkali anakuja lini, maana Mzee Leong amenyoa ndevu na hakubali mtu mwingine akae kiti kile. Nikamwambia Shangazi anahamia kwa dada yangu Kuala Lumpur. Akasema, "Aa, masikini sisi. Basi msalimie, mwambie kitanda bado kipo wiki hii." Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Nilipalilia vyungu vya maua vyote mchana ule, hata visivyo na kitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumehama. Siku ya mwisho iliyoruhusiwa. Siew Khim alikuja kwa treni, akaona bwawa, akalia tena, akasema kaka, nilikudharau bure. Niliyameza maneno hayo kama supu ya moto. Teoh alipita mara mbili kupima dirisha kwa macho.

Shangazi alichukua vitu vichache: mto wake mgumu, picha ya babu, sanduku la vigae vya mahjong. Muuguzi mkuu akasema kwa upole kwamba vigae vinagongana, vinasumbua wengine, labda vikae kabatini. Shangazi akaviweka kabatini. Tulipoaga alininyooshea kola ya shati, akanikumbusha mchele uko kwenye debe la bluu na nioshe mara mbili. Nilisema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekimbilia basi. Kwa nini sikukaa? Nyumbani niliosha mchele mara tatu. Nikapika wa watu wawili.

Jumatano, 7 Agosti

Siku mbaya. Mtaani watu wameanza kuchoma ubani na kuweka vyakula vya mizimu nje ya milango. Mizimu yote inakaribishwa majumbani kula, na mimi wangu aliye hai nimemtoa.

Nilienda kumwona. Kiti cha tatu kutoka kushoto, anatazama samaki. Mama yake Teoh anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na Shangazi anaitika. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema anaendelea vizuri, ila jana aliongea maneno tisa. Aliyahesabu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikatunga haraka: Shangazi, habari njema! Yule mtu wa Batu Gajah kaghairi, kitanda kwa Bibi Sum kiko wazi, twende hata leo!

Akasema, bila hasira, na afadhali angekasirika, "Weng, hakuna mtu wa Batu Gajah. Nilimpigia Bibi Sum siku ile ile, we umekwenda kununua mabalungi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema alikuwa anataka kusema. Lakini nilirudi nikampigia Teoh, na yeye akiwa jikoni akanisikia ninavyocheka. Hajanisikia nikicheka hivyo tangu nipate kazi ya kwanza. Akaona aache.

Nikamwambia basi twende sasa. Akakataa. Mwezi wa saba hahami mtu. Hajavunja mwiko huo tangu azaliwe, na si mimi niliyemkimbiza kwa ajili ya mwiko huo huo? Atangoja mpaka tarehe tatu Septemba, akijaliwa.

Nimelia kwenye gari. Umri wangu ni miaka sitini na miwili na nimelia mpaka mlinzi akagonga kioo. Nimemkosea mtu ambaye hakuwahi kunikosea. Nikimpata hapa duniani miezi mingine michache nitakuwa nimeongezewa. Kuanzia leo sidanganyi tena, sipangi tena. Nimeapa mbele ya picha ya baba.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepata mbinu!

Bibi Sum kasema kuna familia inakitaka kile kitanda, anaweza kungoja mpaka Jumapili tu. Nikamwambia Shangazi yuko njiani kutoka Kuala Lumpur, ila ana homa ya safari. Huo ni uwongo mdogo, wa kusukumia siku. Wakati huo huo mtabiri wa hekalu la mapangoni ataniandikia karatasi, kwa wino mwekundu, kwamba kutoka makao ya wazee kwenda makao ya wazee si kuhama, ni kusogea. Siew Khim nitamweleza kwamba bwawa lina mbu. Teoh nitamwambia Bustani imeshuka hadhi. Shangazi mwenyewe simwambii lolote mpaka karatasi iwe mkononi. Atafurahi zaidi kwa kushtukizwa.

Nilipita kwake mara moja njiani kwenda hekaluni. Nikamkuta amevitoa vigae kabatini, kavipanga kimya kimya juu ya taulo visigongane. Akasema muuguzi mkuu kaenda mjini. Akavuta kiti cha pili, akanipigapigia mto wake, akasema kaa, Weng, tucheze wawili, hata kama si mchezo wenyewe. Saa moja tu.

Nikamwambia leo haiwezekani, Shangazi. Mtabiri anafunga saa kumi, kesho nina mbu wa Siew Khim, Jumapili nina Bibi Sum. Mambo yake yenyewe haya! Akasema sawa, akaanza kupanga na upande wangu.

Nitamfurahisha tu, hata kama itabidi nisimwone wiki nzima.